Noti, ndoto na kona za Kitonga: majibu kwa mliouliza

Maswali yamerundikana, na mengine yanafanana kama pacha. Kwa wageni: macho yangu yaliondoka na surua nikiwa na miaka saba, sasa nafundisha Uraia sekondari hapa Mbeya mjini, na naishi Ilomba. Leo najibu machache, na jibu la mmoja ni la wote waliouliza swali hilohilo.

Kaka muuza vitenge, Mwanjelwa: "Dada, kuna mteja wangu asiyeona hunipa elfu kumi bila kumuuliza mtu. Mnazijuaje noti?"

Kwa urefu na kwa mkunjo, kaka. Noti zetu hazilingani: ya elfu moja ni fupi, ya elfu kumi ndiyo ndefu, na nyingine zinapangana katikati. Ila tofauti yenyewe ni ndogo, na noti iliyolegea kwa kupita mikononi mwa makonda husumbua vidole. Kwa hiyo nikishaijua noti naikunja palepale. Elfu moja naiacha wazi, elfu mbili naikunja mara moja, elfu tano mara mbili, elfu kumi naiweka mfuko wa peke yake. Mteja wako huenda ana utaratibu mwingine; hakuna aliyetupangia. Sarafu hazina shida: ya hamsini ina pembe, nyingine unazijua kwa ukubwa na uzito.

Shida inakuja kwenye chenji. Usinirundikie noti kiganjani kama mtu anayetupa takataka. Nipe moja moja ukizitaja: hii elfu tano, hii buku mbili, hii mia tano. Hapo nakunja nikiwa bado mbele yako, na kama umekosea tunasahihishana bila kugombana kesho yake.

Konda wa daladala za Uyole: "Nikikukuta unataka kuvuka pale Mafiati, nikushike wapi?"

Usinishike popote kabla hujaniuliza. Sisemi kwa kiburi. Mara ngapi nimesimama kando ya barabara nikisubiri bajaji, mara mkono unanidaka, "twende mama, twende," nashtukia niko ng'ambo ambako sikuwa na shida nako! Msamaria anaondoka ameridhika, mimi naanza kutafuta wa kunirudisha.

Sema tu, "Dada, unavuka?" Nikikubali, nipe kiwiko chako nikishike mimi. Nitatembea nusu hatua nyuma yako, na mwili wako utanieleza kila kitu: ukipanda ukingo nitajua, ukisita nitasita. Ukinisukuma kutoka nyuma, wa kwanza kuukuta mtaro ni mimi. Na tafadhali usiivute fimbo. Ile fimbo nyeupe ndiyo inayoniambia mbele kuna nini, na ukiishika ncha umenifumba mara ya pili.

Neno "angalia!" nalo halinisaidii. Niangalie wapi? Sema "mtaro kulia kwako" au "simama, pikipiki". Kwenye barabara ile yenye malori ya Tunduma hakuna muda wa kufumbua mafumbo. Na wewe konda, waambie na wenzako wa bodaboda wasipaki juu ya njia ya waenda kwa miguu. Fimbo hugusa tairi, lakini usukani unanikuta kifuani.

Mwanafunzi wa chuo, Iringa: "Kamwene mwalimu. Mnaota ndoto zenye picha?"

Kamwene. Mimi ndiyo, kwa sababu niliwahi kuona. Mama yangu huja na gauni lake la njano, na Mlima Rungwe huwa wa kijani uleule. Watu niliowafahamu baadaye huja kwa sauti na harufu, bila sura. Waliozaliwa bila kuona huota sauti, mguso, harufu, mwendo. Wanaota kama sisi sote, tena na majinamizi yapo.

Msomaji wa Tukuyu: "Ni kweli mmejaliwa masikio makali kuliko sisi?"

Masikio yangu ni ya kawaida. Nayatumia zaidi, basi. Wanasayansi wamegundua kwamba kwa mtu aliyezaliwa haoni, ile sehemu ya ubongo ya kuonea haikai bure, hufanya kazi hata anaposoma nukta nundu kwa vidole. Lakini huo si muujiza. Na wewe unayekaa Tukuyu nikuulize: mvua ikipiga bati unasikia nini? Basi hata mimi hapo sisikii. Mvua kubwa kwangu ndiyo giza. Sauti ya ukuta, ya gari, ya nyayo, zote zinazama, nami natulia kibarazani hadi ipungue. Ukungu haunihusu kabisa, na siku za ukungu nyie wenzangu ndio mnaotembea kwa kupapasa.

Abiria wa mara kwa mara wa basi la Dar: "Ukiwa safarini unajuaje mmefika wapi bila kumsumbua jirani?"

Swali hili nalipenda kuliko yote. Mikumi ni matuta na dereva kuminya mwendo kwa ajili ya wanyama, na abiria wote upande mmoja wanaanza "tembo yule, tembo yule". Ruaha Mbuyuni ni joto na vitunguu dirishani. Kisha Kitonga: basi linanguruma kwa gia ndogo, kona inakulaza kushoto, nyingine kulia, masikio yanaziba, ukimeza mate yanazibuka, na hewa imeshabadilika. Ilula nyanya. Mafinga ni mbao. Upepo ukiwa mzuri harufu ya misindano inaingia hadi ndani ya basi. Makambako upepo wenyewe, hasa ukishuka kunyoosha miguu. Halafu tunateremka Usangu, masweta yanavuliwa, joto la Igawa mpaka Igurusi. Linapoanza kupanda tena na watu wanatafuta masweta yao chini ya viti, najua Uyole haiko mbali, naanza kukusanya mizigo yangu.

Jirani yangu mmoja alisinzia akapitilizwa Chimala. Nilijua tumefika, ila hakuwa ameniambia anashuka wapi.

Dada wa Soweto ya hapahapa Mbeya: "Unapikaje bila kuungua?"

Naungua kama wewe. Mafuta yakipata moto yanabadili sauti ukidondoshea kipande cha kitunguu, ugali ukiiva unaachia sufuria na mwiko unakuwa mzito, na chai naisikiliza inavyojaa kikombeni, maana sauti yake hupanda kadiri inavyokaribia ukingo. Kubwa ni kila kitu kukaa mahali pake. Shemeji akija kunisaidia kuosha vyombo, akahamisha kisu na chumvi, siku nzima nagombana na kabati.

Kijana wa Njombe: "Nilikuona kwenye simu kama mtu anayeona. Hukuwa unaigiza?"

Simu inanisomea, mdogo wangu. Android nyingi zina TalkBack na iPhone ina VoiceOver, zimo humohumo ndani, hazinunuliwi. Nikigusa kioo mara moja inataja nilichogusa, nikigonga mara mbili inafungua. Inasoma Kiswahili pia, kwa kasi ambayo wewe ungesema inapiga kelele tu.

Ugumu uko kwenye menyu za kutuma pesa, zile za nyota na reli. Simu inaanza kunisomea chaguo la kwanza, la pili, la tatu, na kabla haijamaliza menyu inakatika na kuniambia muda umekwisha. Naanza upya. Bila hedifoni, salio langu linasikiwa na foleni nzima. Ndiyo maana wengi wetu huishia kumpa wakala simu na namba ya siri, na yanayofuata mnayajua. Nimejifunza menyu kwa moyo, napiga namba mfululizo bila kusubiri isome. Mitandao ingeongeza sekunde chache tu, watu wangelala na amani.

Na wanaonitumia kadi ya harusi kama picha: simu inasema "picha", basi. Mkitaka mchango wangu, andikeni tarehe na kiasi kwa maneno chini yake.

Mama wa Makambako: "Mwanangu wa darasa la pili anazidi kutoona. Ndugu wanasema karogwa, wanataka kumwekea maji ya majani. Na shule nimwachishe?"

Pole mama. Majani usiweke, hata tone. Jicho huweza kuharibika kwa dawa kabla ya ugonjwa. Mpeleke kwa daktari wa macho, wiki hii kama unaweza. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wana kliniki ya macho, lakini anzia iliyo karibu wakupe rufaa. Mtoto wa jicho huwapata hata watoto na huondolewa kwa upasuaji, ila kwa mtoto ukichelewa, jicho linaweza lisijifunze kuona vizuri tena. Presha ya macho ikishakula uoni, uoni huo haurudi, lakini ikiwahiwa kilichobaki huokolewa. Huenda pia ni miwani tu. Hatujui mpaka apimwe.

Shule asiache hata kwa muhula mmoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake. Nenda kwa afisa elimu wa halmashauri yenu, muulizie mwalimu wa elimu maalumu na shule zenye kitengo cha wasioona. Zipo hata za bweni, kama Buigiri kule Dodoma. Atajifunza nukta nundu. Ni nukta sita tu, Mfaransa Louis Braille alizipanga mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15, naye haoni. Mnunulie soksi za mikono kwa ajili ya Juni na Julai, maana kwa baridi yenu vidole vikifa ganzi havisomi kitu.

Nyumbani mtume dukani, mpe zamu ya kuosha vyombo, akivunja kikombe mkemee kama ungemkemea dada yake. Hao ndugu wanaotaka akae ndani wanamwonea huruma, naamini. Mimi bibi yangu alinituma kisimani na dumu la lita tano, majirani wakamsema sana, na ile njia bado naijua.

Wawili wameuliza nguo nachaguaje. Kwa kitambaa, vifungo na mishono. Zinazofanana nimezitia pini kwenye lebo. Yanatosha.

Mzee wa Kyela: "Mwanangu, nikikukuta njiani nikuamkieje usije ukadhani nakudharau?"

Shikamoo baba. Kama unavyowaamkia wengine, ugonile na habari za nyumbani, halafu ongeza jina lako. Wapo wanaonishika mkono na kusema, "Hebu nitambue mimi nani!" Katikati ya soko la Mwanjelwa, spika tatu zinalia, nitambue sauti niliyoisikia kwenye msiba mwaka juzi! Siku hizi nawajibu jina lolote linalonijia, wanune. Na mkimaliza mazungumzo niageni. Mtu akiondoka kimyakimya mimi naendelea kuisimulia nguzo ya umeme habari za familia yangu.