Maswali ya Wasomaji: Bega la Ganda Limegoma Kurudi

SWALI: Wahariri, bunduki yangu ya shabaha ni .308 Winchester ya bolti (komeo la kufungia kwa mkono), nami hutumia tena maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Maganda nimeyafyatulia mara nne. Kwa kuogopa kuyabana kupita kiasi niliipandisha kidogo kalibu, ile ya chuma inayobana ganda lirudi umbo lake, lakini sasa ganda lililobanwa linafunga bolti kwa uzito kuliko lile ambalo sijalibana. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Umeishia njiani. Kalibu inayobana ganda zima huanza na kiwiliwili, na shaba ikiminywa mbavuni hukimbilia juu. Bega, yaani mteremko kati ya kiwiliwili na shingo, husogea mbele kwanza, ndipo kalibu inapolifikia na kulisukuma nyuma. Ukiipandisha kalibu, ganda linatoka jembamba lakini refu begani kuliko lilivyoingia.

Dawa ni kupima, si kukisia. Ng'oa kwanza fataki, kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti kilicho kitakoni, kwa sababu fataki iliyopigwa huvimba kidogo na kukudanganya. Kisha tumia kalipa yenye kipimo cha bega, kile chenye tundu la inchi 0.400. Pima maganda kumi yaliyofyatuliwa mara tatu au zaidi, maana ganda jipya huwa halijaijaza chemba, yaani nafasi linamokaa ndani ya bunduki. Tuseme mengi yanasoma inchi 1.632. Kwa bolti ya mkono rudisha bega sehemu 1 hadi 2 za elfu ya inchi tu (mm 0.025 hadi 0.05), yaani lengo lako ni 1.630 au 1.631. Bunduki inayojipakia yenyewe huhitaji sehemu 3 hadi 5 za elfu.

Shusha kalibu kidogo kidogo. Hesi zake za skrubu ni 14 kwa inchi, hivyo mzunguko mmoja ni mm 1.81, na nyuzi 10 tu za duara ni karibu mm 0.05. Weka alama ya kalamu juu ya kalibu ili uone unachofanya. Mkono wa mashine ya kubania ukifika mwisho, subiri sekunde mbili au tatu kabla ya kuurudisha. Shaba ina tabia ya kujirudia kwenye umbo la awali, na kituo hicho huipunguza.

Ukiona ganda moja linasoma 1.630 na jirani yake 1.633 kwa kalibu ileile, usiguse kalibu tena. Shida iko kwenye mafuta ya kulainishia ganda yaliyopakwa pasipo usawa au kwenye shaba iliyokakamaa. Ganda ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na mchanganyiko huo hukakamaa kila unapobanwa na kutanuliwa. Baada ya mara nne bila moto, kila shingo inajirudia kivyake, na nyingine zitaanza kupasuka.

Kwa hiyo lainisha shingo na bega kwa moto. Paka wino wa joto wa nyuzi 400 za Selsiasi ndani ya shingo, zungusha ganda kwenye mwali wa gesi, uhesabu sekunde mpaka wino uyeyuke. Kwa kawaida ni chache tu. Idadi uliyoipata ndiyo utakayoitumia kwa maganda yote. Shingo ikiwaka nyekundu ya kung'aa umepitiliza, na haitaishika risasi tena. Kitako kisipate moto kabisa: ndicho kinachobeba shinikizo, na kikilainika hakirudishiki, ganda ni la kutupa. Kutumbukiza majini si lazima. Maji huzuia tu joto lisishuke, hayaikazi shaba kama yanavyoikaza chuma. Na ganda lenye fataki hai lisikaribie moto.

Urefu upime baada ya kubana, kamwe si kabla, kwa kuwa kubana hurefusha. Mwisho wa .308 ni inchi 2.015, kata hadi 2.005, kisha chonga ukingo ndani na nje, mguso mwepesi tu. Ganda refu kupita kiasi mdomo wake hubanwa na chemba, risasi inachelewa kuachia, shinikizo linapaa.

Kabla ya kuyarudisha sandukuni, nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake, uikwaruze ndani karibu na kitako. Ikikwama kwenye mfereji, ukuta umekonda na ganda liko karibu kukatika vipande viwili. Lisage kwa koleo ili mtu asije akaliokota.

SWALI: Naweza kuyang'arisha kwa dawa ya kusafishia shaba ya dukani?
— Msomaji, Dallas

JIBU: Soma kopo. Ikiwa na amonia, hapana. Jeshi la Uingereza huko India lilihifadhi risasi mazizini wakati wa masika, na maganda yakapasuka yenyewe. Mwaka 1921 ndipo ilipothibitishwa kuwa ni amonia ya mikojo ya farasi ikishirikiana na mkazo uliobaki ndani ya shaba. Kuyazungusha kwenye mashine pamoja na punje za magunzi ya mahindi kwa saa mbili au tatu kunatosha. Fanyia nje ya nyumba, kwani vumbi lake lina metali ya risasi yenye sumu inayotoka kwenye fataki, na nawa mikono. Weusi kidogo ndani ya shingo uache. Shingo inayong'aa mno hukwaruza risasi inaposukumwa ndani.

SWALI: Nina leseni ya bunduki Nairobi. Naruhusiwa kufanya haya nyumbani?

JIBU: Leseni ya kumiliki si ruhusa ya kutengeneza risasi. Pata jibu la maandishi kwa waliokupa leseni kabla hujanunua hata kalibu.

SWALI: Sindano ya kutolea fataki imepinda mara mbili kwenye maganda ya Lapua ya 6.5 Creedmoor. Ni mbovu?

JIBU: Ni nene. Tundu la moto la maganda hayo, linalopitisha moto wa fataki kwenda kwenye baruti, ni mm 1.5, ilhali la kawaida ni karibu mm 2. Nunua sindano nyembamba, usilipanue tundu.