Fikasi yenye mizizi upande mmoja
Mkuu unayeuliza kama uitupe fikasi yako (mti wa jamii ya mkuyu) au uibadilishie chungu, usiitupe, hata kubadilisha chungu hakutasaidia kama mizizi yote imeota upande mmoja, we otesha mipya kwenye shina, juu ya hiyo ya zamani. Pale unapotaka ianzie menya ganda kuzunguka shina lote, upana kama unene wa shina lenyewe, halafu kwangua ule utelezi wa kijani mpaka ukute mti mweupe mgumu, hapa ndo wengi tunazembea, ukiacha hata kauzi kamoja ganda linaunga tena na mizizi huioni. Utomvu ukitoka futa na kitambaa kibichi, usikuingie machoni. Homoni ya mizizi (dawa ya kuchochea mizizi iote) paka ukingo wa juu wa pale ulipomenya, ndo mizizi inakotokea. Kisha kata kopo la plastiki, toboa chini, livishe shina pale ulipomenya, jaza mchanga wa chenga na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), isikauke. Mi niko Njiro, Arusha, ya kwanza nilimenya Juni, na ubaridi wa huku ikalala tu, ya pili Oktoba jua lilipochanganya, haikufika miezi miwili mizizi ikaanza kuchungulia pembeni ya kopo. Usikate shina chini ya kopo mpaka kopo lijae mizizi.