Pimeni ufuo mwezi wa Mei

Swali la wiki: "Nyumba zinasogelea matuta ya mchanga kando ya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma. Tuanzie wapi kuyaokoa?"

Anzieni na kamba ya kupimia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Ugomvi ni zihesabiwe kuanzia wapi. Maji hupanda na mvua hadi Aprili au Mei, kisha hushuka mpaka Oktoba au Novemba. Anayepima kiangazi anaanzia kwenye mchanga ambao masika utakuwa chini ya maji. Pimeni Mei, pale mawimbi yanapoacha taka: vipande vya matete, makombe, majani yaliyooza. Na hizo 60 ni za chini kabisa. Pale Ujiji, mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana 1871, leo uko mbali na maji. Ziwa hili huenda na kurudi.

Ukuta wa zege wa kuzuia mawimbi msijenge. Wimbi likiugonga hurudi kwa nguvu na kuchimba mchanga chini ya msingi, na kwenye ncha zake hula kwa jirani. Jirani naye hujenga wake, basi ufuo umekwisha.

Tuta lililobomoka hurudishwa kwa uzio wa makuti ya mchikichi, na Kigoma hayatupigi chenga. Vigingi viwe na urefu wa mita 1.5, nusu mita izame mchangani, kila kimoja mita 2 kutoka kwa mwenzake. Uzio ukingame upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi. Makuti yaachiane, karibu nusu ya uzio ibaki wazi: ukiziba kabisa, upepo huruka juu na kufukua mchanga badala ya kuutua. Ukishafukiwa, simamisheni mwingine juu yake.

Mvua za Novemba zikishika, pandeni matete chini penye unyevu na ukoka juu. Kipande cha ukoka kiwe na pingili 3 au 4, mbili zifukiwe, nafasi nusu mita. Ukipanda Julai umelisha jua. Mbuzi wafungwe, na njia ya kwenda majini iwe moja tena ipinde. Iliyonyooka hugeuka mfereji wa upepo.

Kisha zuieni malori ya mchanga. Mchanga wa ufuoni huletwa na mito kama Luiche. Ukichotwa mtoni kwa ajili ya tofali, uzio utasimama bila cha kunasa.