Picha za ujauzito za faragha: mteja amekubali nini hasa?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mama kijacho aliyekubali bei na kufika akicheka alinyong'onyea katikati ya kazi, halafu akakasirika ulipomweka stetasi. Ulipewa "sawa" moja, ukaitumia kwa mambo matano. Kupigwa picha ni ruhusa moja. Kuacha tumbo wazi ni nyingine, kuguswa ni nyingine, msaidizi wako kuwepo chumbani ni nyingine, na kuonyesha watu ni nyingine kabisa.

Uliza siku mbili tatu kabla. Akishapakwa mapoda na kulipa nauli, kukataa kunakuwa kuzito. Usimuulize "uko huru?", kila mtu hujibu ndiyo. Muulize: tumbo liwe wazi au chini ya kitambaa? Uso uonekane? Unakuja na nani? Na ujumbe uende kwenye simu yake mwenyewe. Mume akijibu kwa niaba yake, hujapata jibu bado.

Chumbani, kitambaa kikiteleza usikivute wewe. Onyesha mkao kwa mwili wako, au dada aliyekuja naye amrekebishe. Kubalianeni ishara ya kusimama, mfano kiganja juu. Wengi huona haya kusema "basi". Akiinua, shusha kamera kwanza, maswali baadaye. Baada ya picha kumi hivi mwonyeshe kioo cha kamera, maana hapo ndipo anapojua alichokikubali.

Kimya nacho kisome vizuri, huenda si kukubali bali ni kuzidiwa. Mimba ikiwa kubwa, kulala chali muda mrefu hufanya mji wa mimba ukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtu hupata kizunguzungu. Mlaze ubavu wa kushoto, mto nyuma ya mgongo, na apumzike kila robo saa.

Kufuta ndiko wengi wetu tunakodanganya bila kujua. Picha uliyofuta kwenye memori kadi inaweza kurudishwa kwa programu mpaka nyingine iandikwe juu yake. Iliyohifadhiwa Google Photos hukaa kwenye pipa la taka hadi siku 60, na kwenye iPhone hukaa siku 30. Kwa hiyo zima uhifadhi wa moja kwa moja kabla ya kazi, na ukiahidi kufuta, safisha na pipa.

Ruhusa ya kuposti iandikwe kwa namba za picha: "4 na 11, Instagram tu, bila uso." Punguzo kwa anayeruhusu si kosa, ila mtajie bei kamili kwanza, vinginevyo unamnunua. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Tanzania sheria yake ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ya Kenya ya 2019 inasema wazi kwamba ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote.

Hata ukiwa na maandishi, siku ya kuposti muulize tena. Wengine hawatangazi mimba mpaka mtoto azaliwe salama, na mimba nyingine haifiki mwisho. Asipojibu, usiposti.