Usimvute mama mkono kwa kufuata video

Dada, hiyo video ya "vuta mkono bega lirudi" achana nayo kabisa. Umesema mama amepita miaka 60, ameanguka, na mnadhani bega limechomoka. Bega likichomoka katika umri huo, huenda kuna mfupa uliovunjika au kano zilizochanika, na ukivuta bila eksirei unaweza kuumiza mshipa wa fahamu uliopita pale kwenye kiungo. Mfungie kanga itokee shingoni iubebe mkono, utulie, mwende hospitali leo hii. Akisema vidole vina ganzi au vimepoa, msisubiri hata kidogo.

Umeuliza pia utajuaje maelezo gani ya afya ya mtandaoni ni ya kuaminika. Mimi huanza na jina la mwandishi na tarehe. Kurasa za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, huonyesha zilipitiwa lini na zitapitiwa tena lini. Kuna pia kipimo cha DISCERN, maswali 16 ya kupima maelezo ya tiba. Moja huuliza kama msomaji ameelezwa kitakachotokea asipotibiwa. Video nyingi za bega hazigusi hilo, wala hazisemi zoezi ni la jeraha gani. Zoezi la bega lililokakamaa si la kano iliyochanika jana.