Kuchagua miti ya kuvuna kwenye msitu uliokwisha kuchezewa

Wewe unayeanza kazi kwenye misitu ya vijiji huku Kilwa, Liwale au Rufiji, utapewa futi, daftari na rangi ya kutia alama miti ya kukatwa, kisha utaambiwa mpingo unakatwa ukifikisha kipenyo cha sentimita 24. Ndivyo kanuni zinavyosema. Ukiishia hapo tu, utaumaliza msitu huku sheria ukiifuata.

Misitu hii imeshapitiwa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yalivuka Rufiji bila kungoja kivuko, na mninga na mkongo vikaondoka kwa wingi. Waliokata walikuwa na jicho kali kuliko lako. Kwa hiyo ukikuta mninga mnene umesimama peke yake kando ya njia ya zamani ya lori, jiulize kwa nini waliuacha. Mara nyingi una uwazi ndani. Ugonge kwa mgongo wa panga, shinani kwanza, halafu usawa wa kifua, kisha zunguka upande wa pili. Mti mzima hujibu kwa mlio mkavu. Wenye uwazi huvuma kama ngoma. Angalia na makovu ya moto shinani, maana kuoza huanzia hapo. Mti wa namna hiyo hautoi mbao ya maana, ila bado unadondosha mbegu, na hondohondo hutagia kwenye matundu yake. Uache, na usiutie kwenye hesabu ya ujazo utakayowasomea wanakijiji, la sivyo watapanga matumizi ya fedha ambazo hazipo.

Kupima si kugumu: mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Mpingo uliogawanyika chini ya hapo, kila shina hupimwa peke yake. Huna futi ya kipenyo? Ya fundi cherehani inatosha: mzunguko wa sentimita 75.4 ndiyo kipenyo cha 24. Lakini shina la mpingo lina mikunjo, na futi hupita juu ya mikunjo bila kuingia, hivyo unaosoma 24 kamili mimi huuacha ukue.

Kabla ya kupaka rangi, tafuta warithi wa mti huo. Hapa ndipo wageni wengi wanapodanganyika, hasa kwa mninga. Wanaona miche tele chini, wanaandika "uotaji mzuri". Miche hiyo huenda ni ya miaka mingi: moto wa kiangazi huiunguza juu, mzizi unachipua tena, na kimo hakiongezeki. Unachotakiwa kuona ni miti ya kati, minene kama mkono hadi paja, iliyokwisha kuupita urefu wa moto. Ikiwa kuna mikubwa na miche tu, na katikati hakuna kitu, aina hiyo ipumzishwe, hata kama mpango wa uvunaji umeipa kiwango.

Halafu kuna mnunuzi. Anataka iliyonyooka yote, na ukimpa, mbegu za kesho zitatoka kwenye miti iliyopinda. Bakiza baadhi ya iliyonyooka, tena katikati ya eneo, isiwe mpakani inakoibwa kirahisi. Atakuzungusha akikuonyesha mti mmoja "mzuri sana" usio na rangi. Mjibu kwa adabu, na hakikisha nambari iliyo kwenye gogo ndiyo iliyo kwenye kisiki.