Maswali ya Wasomaji: Vikombe Tumehesabu, Njia Je?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: ni chuo kipi cha Marekani chenye historia kubwa kuliko vyote katika mpira wa kikapu? Takwimu tulizotumia zinaishia msimu wa 2025.

*Mhariri, tukitoka kutazama mechi ukumbi wa Nyayo hatukosi kubishana. Mimi husema UCLA, vikombe 11, mjadala umekwisha. Wenzangu wanasema vikombe vya zamani vilikuwa rahisi. Nani ana haki? — Msomaji, Buruburu*

Nyote mna haki kiasi, na tofauti yenu inaweza kupimwa kwa namba badala ya sauti.

Mashindano ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, yalianza 1939 kwa timu nane tu. Ukishinda mechi tatu, kombe ni lako. Mwaka 1951 timu zikawa 16, 1975 zikafika 32, na tangu 1985 ni 64 au zaidi. Siku hizi bingwa lazima ashinde mechi sita mfululizo ndani ya majuma matatu, na mechi moja mbaya inamrudisha nyumbani. Kwa hiyo kombe la 1948 na la 2012 si mzigo mmoja.

Kocha John Wooden aliipa UCLA vikombe 10 kati ya 1964 na 1975. Katika tisa kati ya hivyo, timu yake ilicheza mechi nne tu kila mara, kwa sababu ilivuka raundi ya kwanza bila kucheza. Cha 1975 kilihitaji mechi tano. Zaidi ya hayo, timu zilipangwa kwa jiografia, hivyo UCLA ilipita upande wa magharibi mwaka baada ya mwaka, huku vigogo wa mashariki wakimalizana wenyewe kwa wenyewe. Tena, kabla ya 1975 kila ligi ilipeleka timu moja tu. Maryland iliumia hivyo 1974: ilifungwa na North Carolina State 103–100 katika muda wa nyongeza kwenye fainali ya ligi yao, ikabaki nyumbani ingawa ilikuwa miongoni mwa timu bora nchini. North Carolina State wakaendelea, wakaitoa UCLA 80–77 katika nusu fainali na kutwaa kombe. Mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa kwa timu za pili.

Hata hivyo wenzako wasikudanganye kwamba kazi ya Wooden ilikuwa nyepesi. UCLA ilishinda mechi 38 mfululizo za mashindano hayo kati ya 1964 na 1974, na kila moja ilikuwa ya mtoano. Ilichukua vikombe saba mfululizo, 1967 hadi 1973. Hakuna chuo kingine kilichopita viwili mfululizo, si wakati ule, si leo.

*Nataka kuunda orodha yangu mwenyewe badala ya kunakili za wengine. Nianzie wapi, na makosa ya kawaida ni yapi? — Msomaji, Umoja*

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Mstari mmoja kwa kila chuo, safu tatu za namba.

Safu ya kwanza tunaiita njia. Usiandike idadi ya vikombe. Andika jumla ya mechi ambazo chuo kilishinda kuvipata. Kentucky ina vikombe nane: 1948 na 1949 mechi tatu tatu, 1951 na 1958 nne nne, 1978 tano, kisha 1996, 1998 na 2012 sita sita. Jumla ni 37. Connecticut, au UConn, ina vikombe sita tu, lakini vyote ni vya baada ya 1985, kwa hiyo inapata 36. Umeona pengo la vikombe viwili lilivyoyeyuka? UCLA inapata 47, North Carolina 34, Duke 30, Indiana 23 na Kansas 22.

Safu ya pili ndiyo tunayoipenda zaidi, maana inatenganisha chuo na mtu. Mwondoe kocha mmoja aliyekiletea chuo mechi nyingi zaidi katika ile safu ya kwanza, uone kinachobaki. Ukimwondoa Wooden, UCLA inabaki na kombe moja la 1995, yaani alama 6. Ukimwondoa Mike Krzyzewski, Duke inabaki na sifuri. Vikombe vyote vitano ni vyake. Ukimwondoa Adolph Rupp na vikombe vyake vinne, Kentucky bado ina 23, kwa kuwa Joe B. Hall, Rick Pitino, Tubby Smith na John Calipari kila mmoja aliongeza chake. Makocha watano tofauti! Chuo cha namna hiyo kimejenga kitu kisichoondoka na mtu mmoja. UConn inabaki na 18 bila Jim Calhoun, North Carolina 16 bila Roy Williams, Kansas 10 bila Bill Self, Indiana 7 bila Bob Knight.

Safu ya tatu: alama moja kwa kila mara chuo kilipofika nusu fainali. Hapa North Carolina inaongoza kwa 21. UCLA na Duke zina 18 kila moja, Kentucky 17, Kansas 15, Indiana 8 na UConn 7. Hiyo 7 ya UConn itazame vizuri: imefika nusu fainali mara saba na kutwaa kombe mara sita. Hadi 2025, kila ilipofika fainali haikufungwa.

Jumlisha safu zote. Kentucky 77. UCLA na North Carolina 71 kila moja. UConn 61, Duke 48, Kansas 47, Indiana 38. Kwenye sare ya nafasi ya pili sisi tunaitanguliza UCLA kwa sababu ya ile miaka saba. Msomaji anayethamini uthabiti wa miongo mingi ataitanguliza North Carolina, na hatutagombana naye.

Makosa sasa. La kwanza ni kuhesabu ubingwa wa Helms. Kansas hujivunia 1922 na 1923, North Carolina 1924. Lakini huo ulitolewa na taasisi ya jina hilo miaka mingi baadaye kwa kutazama rekodi, hakuna aliyeushindania uwanjani. Uandikie sifuri. La pili ni kudhani vikombe vyote vya enzi moja vilikuwa na mechi sawa. Kati ya 1953 na 1984, isipokuwa 1975 hadi 1978, baadhi ya timu zilivuka raundi ya kwanza bila jasho na nyingine hazikuvuka. North Carolina ya 1957 ilicheza tano, ilhali Kentucky ya 1958 ilicheza nne. Pitia ratiba ya kila bingwa mmoja mmoja. La tatu ni kulinganisha pointi za enzi tofauti: mtupo wa pointi tatu ulianza kote msimu wa 1986–87, na saa ya kulazimisha kutupa ilikuja msimu mmoja kabla, ikiwa na sekunde 45; leo ni 30. Hata danki, yaani kuusukumiza mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu, ilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 1967–68 hadi 1975–76, kipindi kilichomkuta Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, akiwa UCLA.

Kwa kuwa tumeitaja 1957, tuisimulie kidogo, maana hakuna kombe lililochumwa kwa tabu kama lile. Nusu fainali North Carolina waliifunga Michigan State 74–70 baada ya nyongeza tatu. Kesho yake usiku walikutana na Kansas ya Wilt Chamberlain, mwenye urefu wa mita 2.16, tena mjini Kansas City, karibu kabisa na mashabiki wa Kansas. Kocha Frank McGuire alimtuma Tommy Kearns, mfupi kuliko wote waliokuwa wakianza, kwenda kuruka na Chamberlain pale katikati kugombea mpira wa kuanzisha mechi. Mpira ule angeushinda Chamberlain vyovyote vile. McGuire alitaka kumchanganya akili. Mechi ikaenda nyongeza tatu tena. Zikiwa zimebaki sekunde sita, Joe Quigg akatia mitupo miwili ya adhabu, 54–53. Walimaliza msimu na ushindi 32 bila kufungwa. Kwenye daftari letu kombe hilo lina alama tano tu, na hapo ndipo kipimo chetu kinapopwaya.

*Louisville walishinda 2013, nilitazama kwa macho yangu. Mbona orodha nyingi hazilitaji kombe hilo? — Msomaji, South B*

Lilifutwa na NCAA 2018 kutokana na ukiukaji wa kanuni katika kuwavutia wachezaji, na bango likashushwa ukumbini. Michigan waliofungwa fainali hawakupewa chochote. Kombe la 2013 halina mwenyewe. Louisville wanabaki na mawili, 1980 na 1986.

Ushauri wetu ni kutumia penseli kwa yaliyofutwa na kalamu kwa mengine. UCLA ya 1980 na Kansas ya 2018 zilifutiwa nusu fainali zao, ndiyo maana tumeandika 18 na 15. Ukimrudishia Kansas ile ya 2018 anafika 48, sawasawa na Duke. Kwa hiyo ukisoma orodha mahali inayowapanga wawili hawa kinyume na yetu, angalia kwanza kama mwandishi alitumia penseli au kalamu.

*Ninafundisha timu ya wasichana shuleni. Kila orodha ninayoona ni ya wanaume. Wanawake wako wapi? — Mwalimu, Kasarani*

Mwalimu, lawama yako tunaipokea. Mashindano ya wanawake chini ya NCAA yalianza 1982. Kabla ya hapo yaliendeshwa na chama kingine, AIAW, tangu 1972, na chuo kidogo cha Immaculata kilitwaa ubingwa mara tatu za mwanzo. Mwanafunzi wako akikuambia historia inaanza 1982, mrekebishe.

Kileleni wako UConn kwa vikombe 12, cha karibuni kikiwa cha 2025 walipoifunga South Carolina 82–59. Tennessee wana vinane, vyote chini ya Pat Summitt, aliyeshinda mechi 1,098. Baylor, Stanford na South Carolina wana vitatu kila mmoja. Kati ya hao watatu, South Carolina ndiyo ya kuitazama, kwani vyake vyote vimepatikana tangu 2017.

Lakini kipimo chetu cha kumwondoa kocha huku hakifai. Vikombe vyote 12 vya UConn ni vya Geno Auriemma, aliyeanza kazi pale 1985. Ukimwondoa yeye na Summitt, vigogo wote wawili wanapata sifuri na orodha inakosa maana. Kwa wanawake tumia miaka kati ya kombe la kwanza na la mwisho: UConn 1995 hadi 2025, miaka 30, Tennessee 1987 hadi 2008, miaka 21. Kocha mmoja kubaki juu miaka 30, akibadilisha kizazi cha wachezaji kila baada ya miaka minne, ni kazi ngumu kuliko makocha watano kupokezana.

UConn pia walishinda mechi 111 mfululizo, hadi Machi 2017 Mississippi State ilipowakata 66–64 katika nusu fainali, kwa mtupo wa mwisho wa Morgan William, mchezaji mfupi kuliko karibu wote uwanjani. Wasimulie wasichana wako hilo. Na ukiulizwa chuo kikubwa kwa kuunganisha wanaume na wanawake, jibu halina ubishi: UConn ndicho pekee kilichotwaa vikombe vyote viwili mwaka mmoja, 2004, kisha kikarudia 2014.

*Kuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kuvichezea hivyo vyuo vikubwa? — Msomaji, Kayole*

Wapo. Hasheem Thabeet wa Tanzania alicheza UConn kuanzia 2006, akafika nao nusu fainali 2009, na mwaka huo huo akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Luol Deng, mzaliwa wa Wau, alicheza Duke msimu wa 2003–04 na kufika nusu fainali. Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyekulia Uganda, alifika hatua hiyo hiyo na Duke 2025. Walifungwa na Houston 70–67. Oscar Tshiebwe wa Kongo alikuwa mchezaji bora wa mwaka 2022 akiwa Kentucky.

*Mechi za Machi huanza saa ngapi kwa saa za Nairobi? Kila mwaka nakosa fainali. — Msomaji, Lang'ata*

Kinachokuponza ni tarehe. Fainali ya wanaume huchezwa Jumatatu usiku huko kwao, lakini hapa tayari ni Jumanne alfajiri, na mpira hurushwa yapata saa kumi. Weka kengele ya Jumanne.

Mwezi Machi, Wamarekani wakishasogeza saa zao mbele Jumapili ya pili, tofauti yetu na New York ni saa saba, si nane. Mechi za kwanza za mchana wao zinaanza hapa baada ya saa moja jioni, hivyo Alhamisi na Ijumaa za raundi ya kwanza unaweza kutazama mbili nzima kabla ya kulala. Zile za magharibi mwa Marekani ziache. Zinakwisha jua la Nairobi likiwa limekwisha kuchomoza na matatu zikiwa zimejaa.